Walipima Glisirini Yangu, Wakaiita Spiriti Pungufu

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Karakana yangu ya vitakasa mikono pale Mpemba, karibu na mpaka, niliijenga mwenyewe. Madereva wanaosubiri kuvuka mpaka wananunua kwangu kwa sababu mikono yao haipasuki. Natia glisirini nyingi kuliko wengine, basi.

Siku moja ikaja barua ya maabara: sampuli waliyochukua kwangu ina spiriti pungufu, mapipa yote sita yamwagwe ndani ya wiki. Mke wangu aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Baba, ulikosea kuchanganya?" Swali lile liliniuma kuliko barua. Nilichanganya kwa mkono huu huu. Kesho yake nikapanda basi.

Maabara nilimkuta binti mtaalamu, mpole. Nikamwambia anionyeshe alivyopima. Akatoa kijiti cha kioo chenye namba, kizito chini, akakitumbukiza kwenye dawa yangu.

"Kikizama sana, baba, spiriti ni nyingi. Kikielea juu, ni kidogo. Unaona? Kimeelea."

Nikacheka. Akadhani nimechanganyikiwa.

Mimi nimezaliwa Ivuna, kwa wapika chumvi. Mama alikuwa akitia yai kwenye maji ya chumvi kabla ya kuwasha moto. Likizama, maji bado mepesi, usipoteze kuni. Likielea, chumvi imekolea. Yai halijui chumvi, mwanangu. Linajua uzito wa maji tu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia yule binti.

"Sasa chukua spiriti yako, siyo yangu. Changanya na maji, pima." Akapima. "Tia glisirini vijiko viwili, pima tena."

Kijiti kikapanda.

"Haya, nani amekunywa spiriti yako?"

"Hakuna, baba. Glisirini imeongeza uzito. Ilitakiwa tuchemshe kwanza, tukusanye mvuke ukipoa, ndipo tupime."

"Mlifanya hivyo?"

"Kwa yako, hapana. Sampuli zilikuwa nyingi."

"Ehee! Sampuli zilikuwa nyingi, kwa hiyo mimi nimwage mapipa sita."

Akawasha jiko lake, akachemsha, akakusanya, akapima. Saa nane mchana jibu likatoka: spiriti imefika kiwango na kukipita. Mkubwa wake akaja kunipa mkono, na karatasi mpya: "Sampuli imerudiwa na imekidhi vigezo."

"Hii siitaki."

"Kwa nini tena, mzee?"

"Inasomeka kama nilienda kurekebisha, nikarudi. Andikeni mlikosea kupima."

"Mzee wangu, si umeshashinda? Mapipa yako salama. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Sijaja kushinda. Nimekuja kuandikiwa. Barua yenu ya kwanza imesomwa nyumbani kwangu, na majirani wameisikia. Hii nayo isomwe."

Akasema utaratibu hauruhusu. Nikakaa kwenye benchi lao la mlangoni, nikanyoosha miguu. Watu wakaja na sampuli zao, na kila aliyeniuliza nasubiri nini nilimweleza, kwa sauti. Wa tatu akageuka, akaondoka na chupa yake mkononi. Ndipo binti akamgeukia mkubwa wake: "Bosi, ni kweli tulikosea. Mwandikie tu."

Akaandika barua kwamba walikosea kupima. Nikaisoma palepale, kidole kikifuata mstari, neno kwa neno, nao wamesimama wananisubiri.