Hewa Safi Kuliko Zote Ilikuwa Juu ya Paa la Mama

Mashine ya serikali ilisema hewa ya kwa mama yangu ni safi kuliko ya mlimani.

Sitanii. Yalisomwa hayo mbele ya watu, ukumbini, kwa kipaza sauti. Na mama yangu anakaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu.

Jamani, nyumba ambayo ukianika shuka jeupe asubuhi, mchana unaanua la kijivu!

Nisikilizeni leo. Hili jambo nimelikalia rohoni mpaka limeanza kuninyima usingizi.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mtaa wa pili kutoka kwa mama, chumba kimoja, viti viwili na kioo chenye ufa. Mdomo ninao, sikatai. Wateja wangu wanasema naweza kusuka kichwa kizima huku nagombana na mtu aliye barabarani, na mistari isipinde.

Kilichoniingiza kwenye vita na kile kiwanda si siasa wala umaarufu. Ni binti wa kaka yangu.

Mtoto yule alikuwa analelewa na mama, kwa sababu mama yake mzazi aliolewa kwingine akaenda zake. Alikuwa na maneno huyo! Umtume chumvi dukani, arudi na habari za mtaa mzima na chumvi aisahau.

Halafu kifua kikaanza. Anakohoa mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Maneno yakapungua, akawa anaongea kwa vipande, anavuta pumzi, anaendelea.

Daktari alisema ni pumu. Akaniita pembeni.

"Shangazi mtu, dawa nitampa. Lakini akiendelea kuvuta huo moshi, dawa zitakuwa za kumshikilia tu."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi ofisi ya mazingira, hata saluni sikupita.

Afisa niliyemkuta alikuwa binti mdogo, viatu vya chini, sura haicheki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, sheria ipo, na ni kali," akasema. "Hewa ikizidi kipimo, kiwanda kinafungwa mpaka kiweke chujio kwenye bomba la moshi. Tatizo ni kwamba siwezi kupeleka kikohozi kwenye baraza la mazingira. Lazima nipeleke kipimo."

"Basi njoo upime."

"Nitapimia wapi?"

"Kwa mama yangu. Ukisimama juu ya paa lake, ukinyoosha mkono unalishika lile bomba."

Kweli wakaja. Paa la mama ni la zege, ndipo tunapoanika nguo. Wakafunga hapo kisanduku cheupe, ukubwa wa redio, kina matundu ubavuni ya kuvuta hewa. Kinapima chenyewe na kutuma namba ofisini kwao, na hazifunguliwi mpaka siku ya baraza.

"Mama, utatutunzia?" afisa akauliza.

"Mwanangu, hii nitaitunza kama mboni ya jicho," mama akajibu.

Aliyenuna siku hiyo ni kaka.

Msimlaumu haraka. Kaka alikuwa anafanya kazi humo humo kiwandani, kwenye tanuru. Alirudi jioni, akapanda juu akakiona kisanduku, akashuka kama mtu aliyeona nyoka.

"Mnanitafutia nini nyie? Kiwanda kikifungwa nije kusuka na wewe?"

"Na mwanao akifa?" nikamjibu.

"Mwanangu anaishi kwa sababu ya kile kiwanda! Ile pampu anayovuta unadhani inatoka wapi? Inatoka kwenye kadi ya bima ya kazini. Wewe na mdomo wako umewahi kumnunulia hata moja?"

Sikuwahi. Pampu yenyewe bei yake mimi na saluni yangu hatuiwezi kila mara.

"Basi, basi," mama akasema. "Mtoto amelala."

Mashine ikapima kiangazi chote. Huko juu tulimwachia mama, mimi nikazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mashahidi, na watu wakaitikia. Fundi viatu alisema atakuja akohoe mbele ya mwenyekiti wa baraza, wamsikie wenyewe. Tulikuwa na uhakika hata wa kusherehekea mapema.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Afisa akasimama na matokeo yake. Akasoma.

Safi. Wiki baada ya wiki, safi. Hewa ya paa la mama ilikuwa nzuri kuliko ya kituo chao cha mlimani wanachotumia kulinganisha.

Wakili wa kiwanda alisimama taratibu, akarekebisha tai.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwa matokeo haya napendekeza wagonjwa wote wa kifua wahamie kwa huyu mama."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mashahidi wangu walicheka, Mungu anawaona. Malalamiko yakatupwa pale pale.

Nje, fundi viatu hakuniangalia usoni. "Umetuaibisha, dada," akasema, akaondoka na kikohozi chake.

Kesho yake afisa akaja kuchukua mashine. Nikapanda naye juu. Nilikuwa natembea tu, mwili hauna nguvu hata ya kugombana.

Tukafika. Tukasimama.

Mashine ilikuwa imevalishwa.

Ndiyo, imevalishwa! Kifuniko cha kitambaa kilichoshonwa kwa cherehani, ndani kimetiwa sponji, chini kimekazwa kwa mpira kama mfuko. Pembeni kina lesi. Na aliyeshona hakuwa na haja ya kutafutwa, maana nyumba ile kila kitu kina nguo. Redio ina nguo, birika lina nguo, mtungi wa gesi una gauni kabisa.

Mama alikuwa amepanda nyuma yetu, ameshika ukuta kwa sababu ya magoti yake.

"Nimeitunza," akasema. "Siku mlipoifunga tu, kesho yake nikaishonea. Nikawa nafua nguo zangu, ya mashine naiacha, nisije nikaigusa ikaharibika."

Afisa akakivua kile kifuniko. Kwa nje kilikuwa cheusi tititi, ukikigusa kinakuachia masizi kidoleni. Kwa ndani kilikuwa cheupe.

"Haikupima mtaa," afisa akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa inapima ndani ya foronya."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake.

"Chukua hicho kitambaa!" nikamwambia. "Wapelekee. Si unaona weusi wake? Ushahidi gani mwingine mnataka?"

"Sheria inataja mashine iliyoidhinishwa, dada. Kitambaa hakimo."

"Kwa hiyo?"

Akasita. "Kuna mlango mmoja. Ikithibitika kuna mtu aliingilia mashine, shauri linafunguliwa upya. Ila lazima mtu huyo atajwe, na anashtakiwa. Hata kama hakujua."

Nikamtazama mama na magoti yake.

"Fungasha mashine yako uende," nikamwambia afisa.

"Nitaandika nilichokiona," akasema. "Jina sitaandika kama hamnipi. Lakini bila jina haiendi popote."

Jioni kaka aliporudi nikamweleza. Alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka.

"Hakuna mtu wa kumpeleka mama yangu mahakamani! Mnanisikia? Liishe hapa!"

Nami nikamwona mwanamume. Siku zote tulikuwa tunazozana, lakini siku hiyo nilisema moyoni kaka yangu anampenda mama. Nikamkumbatia.

Tukanyamaza. Moshi ukaendelea. Mtoto akaendelea kuvuta pampu, na mimi nikaendelea kusuka.

Mvua zilipoisha, kiwanda kikaleta tanuru jipya lisilohitaji watu wengi. Wakapunguza wafanyakazi. Kaka alikuwa kundi la kwanza kutoka, bila hata asante.

Na kadi ya bima ikafa siku hiyo hiyo.

Adhuhuri moja naitwa mbio saluni, mteja namwacha nusu kichwa. Nafika kwa mama nakuta mtoto amekaa kizingitini, ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka. Pampu iko chini, tupu. Kaka yuko mjini anahangaikia vibarua.

Tulimbeba. Hospitali, dirishani, dada wa mapokezi akaingiza kadi mara mbili.

"Haisomi."

"Mtoto hapumui, wewe unaniambia haisomi?"

Nikamwachia simu yangu hapo dirishani kama dhamana, na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtoto akapokelewa, akawekwa kwenye oksijeni.

Tukakaa kwenye benchi la korido, mimi na mama. Alikuwa amevua kilemba, amekikunja mapajani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Kwamba ukiifunika haipimi. Nilijua kabla sijaingiza uzi kwenye sindano."

Sikuelewa. Nilidhani uchovu unamsemesha.

"Kaka yako alinipigia magoti jikoni," akaendelea. "Akaniambia, mama, kiwanda kikifungwa kadi inakufa, na kadi ikifa mwanangu atavuta nini? Akanionyesha matundu yalipo. Nikashona. Mliponicheka mimi na vitambaa vyangu, nikawaacha mcheke. Ilikuwa afadhali mnione mjinga."

Wasomaji wangu, kuna hasira nyingine haina pa kushika. Kumbe siku ile kaka anapiga meza hakuwa anamlinda mama. Alikuwa anajilinda mwenyewe, na mimi nikamkumbatia!

"Mama, ulikuwa unamwona mtoto anavyokohoa. Kila siku, mbele ya macho yako!"

"Nilikuwa naona na pampu inavyomtuliza. Dawa nilikuwa naishika mkononi. Hiyo hewa yenu ya sheria sikuwahi kuishika."

Nilimchukia mama yangu pale. Nalisema bila kuficha. Nilimchukia, na hapo hapo nikaona sandali zake hazifanani, alikuwa amevaa moja yake na moja ya mtoto kwa haraka ya kukimbia. Nikashindwa hata kumchukia vizuri.

Akasimama. "Akishapumua vizuri, unipeleke kwa yule binti wa mazingira."

Nikampeleka. Afisa akafunga mlango, akatuwekea viti.

"Ni mimi niliyeifunika," mama akasema. "Nikijua ninachofanya. Hakuna aliyenituma."

Nikafungua mdomo niseme ukweli wote. Mama akanifinya paja chini ya meza, vile alivyokuwa ananifinya nikiwa mtoto tukienda kwa watu. Nikaufunga. Mara moja katika maisha yangu mdomo huu uliitii amri, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Afisa alikuwa anaandika huku anafuta macho.

Basi sheria ikaamka, bwana. Ile iliyolala kiangazi kizima, iliyocheka pamoja na wakili, sasa ikawa na miguu. Barua ya wito ikaja haraka. Mwenyekiti akasoma kifungu kwa kifungu: kuingilia kifaa cha kupima hewa, kukwamisha ulinzi wa mazingira. Mama akasimama, akasema ndiyo.

Walimhurumia kwa umri wake. Hakufungwa jela. Alipewa kifungo cha nje, kufagia uwanja wa ofisi ya mazingira kila asubuhi, na asitoke nje ya mji mpaka adhabu iishe.

Mtaa mzima una bomba moja la moshi. Na mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa sheria ya hewa safi, na wa pekee mpaka ninapoandika, ni mama yangu.

Mnauliza shauri la kiwanda? Lilifunguliwa upya, ndiyo. Likapangiwa tarehe. Wakili akaumwa. Likapangiwa nyingine, mwenyekiti akaenda semina. Sasa tunaambiwa mashine zote ziko matengenezo.

Kaka haongei na mimi. Nami sina la kumwambia. Nikimwona ng'ambo ya barabara na kofia yake ya zamani ya kazini, naingia ndani kusuka.

Nitakachowaambia ni hiki, na mkipuuze mkitaka. Sheria ya kulinda hewa ni nzuri na muidai, msije mkasema msusi amewakatisha tamaa. Ila kabla hujaenda kuidai, rudi nyumbani kwako uulize nani anakula kwa moshi huo huo unaotaka kuuzima. Mkae naye, mjue atakula nini kesho yake. Sisi hatukumuuliza kaka. Afisa hakumuuliza, na mimi nilimtukana. Alipokosa wa kumsikiliza mezani, akaenda kumpigia magoti mama jikoni.

Mtoto sasa yuko kwa dada yake mama yangu, mbali, kusiko na kiwanda. Anakimbia, na maneno yamemrudi yote. Anapiga simu kila jioni, na swali lake ni moja, bibi anakuja lini.

Mama anamjibu hivi karibuni. Halafu ananirudishia simu na kuingia jikoni, kwa sababu hajaruhusiwa kutoka nje ya huu mji.