Ripoti Niliyoiandika Mimi, Naambiwa Nimeinakili

Admin, nifichie jina, na chuo usikitaje kabisa. Mimi ni binti wa miaka 23, niko mwaka wa tatu chuo hapa Arusha. Kwetu ni huku juu Meru, mama analima migomba na kahawa. Mkopo nilikosa, ada nachangiwa na usharika wetu wa kanisani. Hosteli ilinishinda mwaka wa kwanza tu.

Aliyeniokoa tunasoma naye darasa moja, nimwite Angel. Wazazi wake ni wafanyabiashara, wamempangia chumba mtaa wa Sakina. Alinichukua nikalala kwake, nikala kwake, nikatumia kompyuta yake. Nami nikawa namwandikia asaimenti zake zote, miaka miwili. Hakunilazimisha. Nilianza mwenyewe kama shukrani, baadaye ikawa ndiyo kodi yangu.

Mwaka huu nilitakiwa kuandika ripoti mbili za utafiti, yangu na yake. Kwa ya kwangu nilihoji akina mama wa kijijini kwetu wanaouza ndizi. Nilipoimaliza tu, mama akaanguka shambani akavunjika mguu. Nikaomba ruhusa chuoni, nikaenda kumuuguza. Ya Angel nilikuwa hata sijaigusa. Siku ya mwisho ilipofika akafungua kompyuta, akatoa nakala ya ripoti yangu, akafuta jina langu, akaweka lake, akapeleka.

Mimi sijui hili wala lile. Nikarudi, nikapeleka yangu. Msimamizi akaniita.

"Mwenzako ameleta hii hii wiki iliyopita. Wewe uliyechelewa ndiye uliyenakili. Utajieleza mbele ya kamati."

Nilimkuta Angel analia. "Nisamehe shosti, nilichanganyikiwa."

Nikamwambia basi twende ukaseme ukweli. Akasema taratibu, "Nikisema hilo, watauliza na zile zingine zote nani aliandika. Tutadisko wote, tufukuzwe. Mimi baba atanitafutia chuo kingine. Wewe je?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Daftari la mahojiano ninalo, na wale akina mama wananijua. Lakini nikilitoa, ya miaka miwili yatafumuka. Nikikubali kwamba nilinakili, narudia mwaka, na usharika walishasema mchango huu ni wa mwisho. Na bado nalala chumba kimoja na Angel. Anapika, ananipakulia, tunakula bila kuongea.

Leo mama kapiga simu kuuliza mahafali ni lini, wenzake wameshachagua kitenge cha sare. Nikamwambia, "Bado hawajatangaza, mama."

Kamati ni kesho kutwa asubuhi. Dada zangu, kaka zangu, mliosoma na msiosoma, nisaidieni mawazo: nikiingia mle ndani nifungue mdomo, au nimeze?