Kombi Niliyoiosha Miguu

Harufu ya oili ya gari iliyochanganyika na vumbi lililolowa maji ikinifikia, popote nilipo, ninarudi Karatu. Nina miaka minane, nimeshika ndoo na tambara, na ninajiona mtu muhimu sana.

Baba alikuwa dereva wa kombi ya jirani yetu, Mzee Bura. Ilikuwa kombi kuukuu yenye kitanda, mapazia ya maua na karo ndogo ya kuoshea vyombo. Baba aliwapeleka wageni Kreta ya Ngorongoro, wakapumzika humohumo, akawarudisha jioni. Sisi watoto tuliamini kwamba mwenye nyumba inayotembea hana cha kumwomba Mungu tena.

Nyumbani kwetu palikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: udongo mwekundu hauvuki mlango. Atokaye shambani, awe mgeni au padri, aliletewa maji akanawa miguu kwanza. Basi kila jioni Baba aliporudi, nami niliiosha kombi miguu: magurudumu, bampa, na hasa kule nyuma kwenye injini, ambako tope lilikuwa jeusi na lenye kunata. Nililisugua kwa majivu na sabuni ya mche mpaka chuma kikang'aa.

"Asante, mama," Baba alikuwa akiniambia, kisha akaingia kula.

Kumbe miezi hiyohiyo kombi ilikuwa ikipoteza oili, na miaka ile oili ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Kila asubuhi, injini ikiwa imepoa, Baba alichomoa kijiti cha kupimia akakuta imeshuka tena. Alitandika magunia chini ya gari usiku. Kulipokucha yalikuwa makavu. Alimwomba Mzee Bura asimame mlimani atazame kama nyuma kunatoka moshi wa buluu, dalili ya injini inayounguza oili. Haukutoka.

"Daniel," Mzee Bura alisema mbele ya majirani, taratibu tu, "chini pakavu, moshi hakuna. Hii oili inapaa mbinguni?"

"Sijui, mzee wangu. Ila sijaiuza."

"Sijasema umeiuza. Nakupa mpaka Jumapili. Baada ya hapo nitatafuta dereva mwingine."

Jioni ile Mama hakumaliza chakula chake. Mimi nilisikitikia mapazia.

Wiki hiyohiyo nikaugua tetekuwanga, nikafungiwa ndani. Kombi ilipanda mpaka lango la Ngorongoro mara mbili bila kuoshwa. Ijumaa Baba akainua kifuniko cha injini, nikamsikia akipiga kelele, yeye aliyekuwa mpole kuliko wote pale mtaani.

"Mzee! Mzee Bura! Njoo uone!"

Kuanzia kwenye swichi ndogo ya taa ya oili mpaka kwenye bampa, vumbi lilikuwa limelowa na kuganda, zito kama ugali wa mtama. Swichi ilikuwa imechoka. Gari likisimama haikutoa hata tone. Likikaza mlima, shinikizo la oili lilipanda, ikaitema nje.

"Mbona siku zote hatukuyaona haya?" Mzee Bura aliuliza.

Baba akanitazama. Nilikuwa dirishani, nimejifunga shuka, mapele uso mzima. Akageuka.

"Nilizembea, mzee. Sikukagua vizuri."

Mzee Bura akamsema kweli kweli, dereva mzima wa miaka yote hiyo! Baba aliinamisha kichwa akayapokea yote.

Nilipopona aliniambia jambo moja tu: "Kuanzia leo usioshe kabla sijatazama." Nilidhani anataka kuona uchafu ulivyo mwingi ili anisifu ipasavyo.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, siku nilipokuwa nikisafisha injini ya gari langu bovu na mkono ukasita wenyewe. Miezi yote ile nilikuwa nikimfutia ushahidi wake, naye akinishukuru. Maneno matatu tu, "Mtoto wangu huiosha," yangemwondolea lawama yote. Akaona afadhali aitwe mzembe, katika kazi aliyoipenda kuliko zote, kuliko mimi nijue kwamba nilikaribia kumfanya aitwe mwizi. Nililia palepale, kwa sauti, kama mtoto.