Fundi Makochi na Shemeji Yake

Fundi makochi huyu alikuwa na karakana yake nyuma ya duka la vioo, na watu walimpelekea makochi yaliyochoka, yenye springi zinazochoma makalio. Alikuwa akichana kitambaa cha zamani, anatoa sponji iliyosagika, anaweka mpya, kisha anapiga pini kwa bunduki yake ya hewa, ta-ta-ta, bila kupinda hata moja. Vipande vya sponji vilivyobaki alivibeba nyumbani. Alikuwa amevibandika kwenye kuta nne za stoo, na stoo ile ndiyo aliyoiita studio.

Kila Jumapili mchana, kwa miaka kumi na moja, aliingia humo na gitaa lake. Kwanza alitengeneza biti. Ngoma alipiga kwenye kopo la biskuti, manyanga yalikuwa chupa yenye mchele, besi aliitoa kwenye gitaa hilohilo kisha akaishusha sauti kwa kompyuta yake kuukuu. Juu yake akaweka gitaa la kusindikiza. Biti ikishakaa sawa, aliifungulia na kupiga solo juu yake, chochote kilichomjia kichwani, saa nzima. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Aliweza kumwaga noti kama mtu anayemwaga mahindi kwenye debe, na hakuna pengo aliloliacha wazi.

Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, siku zote alikuwa jikoni wakati huo. Hakuwahi kuja mlangoni kusikiliza. Fundi alijisemea kwamba mambo ya gitaa si ya mwanamke yule, akaridhika hivyo.

Jumapili moja akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, kinyozi mwenye kibanda karibu na stendi. Huyu gitaa alijifunzia ukubwani, kwa kubabaisha, wateja wakiwa hawapo. Aliingia stoo, akasikiliza biti mpya, akasema, "Shemeji, hii ni tamu. Hebu nijaribu."

Fundi akampa gitaa huku akitabasamu, kama mtu anayempa mtoto usukani wa gari lililozimwa.

Kinyozi akapiga noti tatu. Akanyamaza. Kopo la biskuti likapita peke yake, besi ikapita, naye ametulia tu. Kisha akazirudia zile tatu, ya mwisho akaivuta kidogo ikalia kama mtu anayeita jina. Akaendelea hivyo, anasema kidogo, ananyamaza, anasema tena.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe fundi alisimama pale, kisu mkono mmoja, kiazi kilichomenywa nusu mkono wa pili.

"Hiyo umepiga wewe?" alimuuliza mumewe.

"Ni mimi, dada," kinyozi akajibu, meno nje.

"Rudia nirekodi."

Fundi akairudisha biti mwanzo. Miaka kumi na moja! Na huyu kaja na noti tatu.

Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata mkewe alirudi kutoka kazini akiwa na furaha. "Niliwasikilizisha walimu wenzangu ile ya Jumapili. Wamesema siku ya kumuaga mwalimu mkuu lazima aje apige. Nimeshaongea na mdogo wangu, amekubali. Wewe utampa biti, si ndiyo?"

"Nitampa," fundi akasema.

Siku zile alifanya kazi vibaya. Alipiga pini ikapenya upande wa pili wa kitambaa. Alishona mto kinyume. Akiwa peke yake alikuwa akizipiga zile noti tatu, akinyamaza kama shemeji yake alivyonyamaza, lakini kimya chake kilikuwa cha mtu aliyesahau neno.

Siku mbili kabla ya hafla ya kuaga, aliifungua biti kwenye kompyuta akazipandisha noti zake zote nusu toni juu. Ukiisikia hivihivi hutambui kitu. Lakini mtu aliyezoea kuanzia mahali fulani kwenye shingo ya gitaa, akianzia hapo, gitaa litalia kama mlango wenye kutu. Akamtumia shemeji yake kwa simu na ujumbe: "Ndiyo ileile, nimeisafisha kidogo."

Ukumbi wa shule ulijaa. Fundi alikaa safu ya tatu, kiti cha plastiki. Kinyozi akapanda jukwaani na shati jeupe, akafungulia biti, akapiga noti ya kwanza.

Ilikwaruza. Walimu wawili walikunja uso. Fundi akasikia utamu kifuani, utamu wa kweli, na akauonea haya papo hapo, lakini haukuondoka.

Kinyozi akaondoa mkono kwenye nyuzi. Hakubabaika. Akainamisha kichwa, akaiacha biti ipite, anaisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayeeleza anavyotaka kunyolewa. Watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Kisha akasogeza vidole pengo moja mbele kwenye shingo ya gitaa, akaingia. Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta. Ukumbi uliposimama kupiga makofi, fundi alisimama wa mwisho.

Nyumbani, mkewe alivua viatu akavishika mkononi bila kuviweka chini.

"Ile biti ulifanya nini?"

"Nini tena? Simu za siku hizi nazo..."

"Usiniletee habari za simu. Mimi huimba nayo jikoni kila Jumapili. Biti zako zote nazijua, baba. Leo nilijaribu kuimba nayo ikanishinda, ilikuwa imepanda."

Fundi hakuwahi kujua kwamba mkewe huimba. Ndani ya ile stoo yenye sponji hakuna sauti ya nje iliyoingia, na siku zote alikuwa akifunga mlango.

Kesho yake alikwenda kibandani. Shemeji yake alikuwa akimnyoa mzee mmoja, fundi akasubiri amalize.

"Shemeji, ile biti niliipandisha makusudi. Nilitaka ukosee."

Kinyozi alizima mashine. "Kwa nini?"

"Nina wivu na wewe. Basi."

"Mbele ya dada yangu? Mbele ya watu wote wale?" Kinyozi alikung'uta taulo, akakung'uta tena ingawa halikuwa na unywele. "Nenda, shemeji. Siwezi kuongea sasa hivi."

Hakuja Jumapili ile, wala tano zilizofuata. Fundi alisikia kwamba anatengeneza biti zake mwenyewe kwa simu. Alipopita karibu na stendi akazisikia: besi inachechemea, ngoma inakimbia kama imeona nyoka. Alicheka moyoni siku ya kwanza. Siku ya tatu haikumchekesha tena. Siku ya nne aliingia kibandani, ambamo mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Shemeji, hiyo besi inachelewa."

"Najua inachelewa," kinyozi alisema bila kugeuka. Mashine ikaendelea kunguruma. Kisha akaizima, akaonyesha kwa kidole gitaa lililotundikwa ukutani, na lingine lililoegemea pembeni ya benchi. "Irekebishe basi, kama unaijua."

Fundi akachukua lililokuwa karibu, akakaa, akapiga besi kwa nyuzi nene, taratibu. Kinyozi akaweka mashine chini, akalitungua la ukutani, akajibu kwa noti chache. Akanyamaza. Akajibu tena. Ule wivu ukamchoma fundi palepale pa zamani, nao ukawa mkali vilevile. Hakuacha kupiga. Alishikilia besi asikimbie wala asichelewe, ili mwenzake apate pa kunyamazia.

"Jamani," mteja akasema akijishika kichwa, "mimi nitatoka hivihivi?"

"Subiri kidogo, mzee," fundi akamwambia. "Ndiyo kwanza imekaa sawa."