Simu ya Kama Iliyokataa Kukatika

Ofisi yetu hapa Kindu hupeleka dawa kwenye vituo vya afya vya mbali. Simu zake za waya zote zimeungwa kwenye mtambo mmoja wa kugawa laini, tunauita standardi, na nyuma yake anakaa mama mmoja niliyemkuta pale siku nilipoajiriwa. Mimi ndimi fundi.

Siku moja shefu, mkuu wetu wa ofisi, alirudi kutoka safari na visanduku viwili vidogo.

"Fundi, nataka muuguzi wa Kama akuwe na simu ya hapa ndani, sawa na mutu wa chumba cha pili."

Kama ni mji mdogo ulioko Pangi, kwa wachimba dhahabu, na barabara yake wakati wa mvua ni adhabu. Lakini kituo chake cha afya kilikuwa na intaneti ya satelaiti. Kisanduku kimoja kilipaswa kukaa Kindu, kipokee laini moja ya standardi na kuisafirisha kwa intaneti. Cha pili kikae Kama, kiirudishe kuwa simu ya kawaida. Nilimtumia muuguzi cha kwake kwa pikipiki, nikamwelekeza kwa ujumbe jinsi ya kukiunga. Tulipojaribu, sauti ilikuja safi. Palepale nikaandika ripoti: kazi imekwisha. Ripoti hiyo ndiyo iliyoniponza.

Haikupita wiki, muuguzi akampigia shefu kwa hasira. Simu yake inalia, anakimbia kuishika, anakuta tu-tu-tu. Asubuhi ile alikuwa amemwacha mama mwenye uchungu wa kuzaa, akakimbilia simu isiyo na mtu. Akataka kujua nani wa Kindu anamchezea.

Shefu alikwenda moja kwa moja kwa mama wa standardi. Wageni walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Mama, uache kuchezea laini ya Kama. Unapiga, unakata. Na sisi tukitaka kupiga, laini iko okipe, imeshikwa. Unaongea na nani humo?"

"Shefu, mimi sijawahi kuchezea simu."

"Basi inajipiga yenyewe?"

Nilikuwa nimesimama pale na bisibisi mkononi. Nilishuku mara moja kwamba kosa ni la visanduku vyangu. Nikafikiria ile ripoti, nikainama kuangalia waya usiokuwa na shida yoyote. Mama aliniangalia kidogo, kisha akageukia mgeni aliyefuata: "Karibu, papa. Unatafuta nani?"

Mwanamke huyo, miaka ya vita, wakati treni haifiki na mji umefungwa pande zote, alisikia waporaji wameingia ofisi za jirani. Mimi nilikuwa karani mpya, bado si fundi, nilikimbia na funguo tu. Yeye aling'oa standardi kwenye waya zake, akaiweka ndani ya beseni, akaifunika kwa kitenge na majani ya mihogo, akajitwika. Alivuka mto kwa mtumbwi hadi kwake Alunguli. Askari kizuizini alimuuliza amebeba nini, akasema ni sombe tu, mboga ya majani ya mihogo. Ofisi ilipofunguliwa tena, meza hazikuwepo, milango haikuwepo, lakini simu za ndani zililia. Shefu wa sasa hakuwepo siku hizo. Mimi nilikuwepo, na bado nilimwacha mama alaumiwe.

Nilibadilisha waya. Nilizima visanduku, nikaviwasha. Kila nilipojaribu mwenyewe, muuguzi alishika haraka na tukaongea vizuri, kisha saa moja baadaye malalamiko yaleyale. Nilitukana kisanduku kwa lugha zote ninazozijua. Mwishowe nikajiambia kosa liko Kama, nikapanda pikipiki. Siku mbili za tope; mara tatu mimi na dereva tuliisukuma.

Muuguzi hakunipa hata kiti. "Kaa hapa hapa," alisema, akinionyesha sakafu karibu na simu. "Usikie wewe mwenyewe."

Ililia. Niliiacha ilie kwa muda mrefu, kama inavyolia yeye akiwa wodini, ndipo nikaishika. Tu-tu-tu. Nikaitambua. Ilikuwa sauti ya standardi yetu, ile inayosema kwamba mtu wa upande wa Kindu amechoka kungoja na ameshaweka simu chini. Kisanduku cha Kindu hakikuielewa. Kiliendelea kuita Kama bila mtu nyuma yake, na muda wote huo laini ikabaki okipe. Ugonjwa ulikuwa mezani kwangu, hatua chache kutoka kiti cha mama, na mimi nimekula tope siku mbili kuufuata huku.

Nilirudi na tope lilelile. Kisanduku kilikuwa kimepangwa kwa milio ya nchi nyingine. Nilipima kwa saa ya mkononi urefu wa kila mlio wetu na wa kila kimya, nikaingiza vipimo hivyo. Nikamwomba mama apige Kama, kisha aweke chini kabla hawajaitika. Muuguzi akanitumia ujumbe: imenyamaza.

Niliingia kwa shefu nikamweleza kwamba mama hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu.

"Sasa inafanya kazi?" aliuliza.

"Ndiyo, shefu."

"Basi anza ya kituo cha Obokote." Akaendelea kutia saini makaratasi.

Nilingoja ainuke, atoke, aseme kitu mbele ya lile benchi. Hakutoka. Nikaenda mwenyewe.

"Mama, unisamehe. Ilikuwa mashine yangu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile shefu alipokusemesha."

Akahesabu kwa vidole, polepole, mbele yangu. "Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja nilivuka mto asubuhi nikija kazini, na watu wa hapa wananiona muongo."

Simu ikalia, akaitika kwa sauti yake ya kila siku. Nilisimama hadi alipomaliza. Hakuniangalia tena, akachukua kitambaa akaanza kupangusa vumbi mezani. Ya Obokote niliianza wiki iliyofuata. Ripoti yake sijaiandika bado, ingawa sauti inakuja safi.