Fundi Viatu Kileleni mwa Kinyeti

Safari yetu ya kwanza ya kwenda mlima Kinyeti ilishindwa kwa sababu ya viatu. Tulikuwa watu watatu, wote tumelelewa Kenya na kurudi Juba tukiwa watu wazima: Adit, ambaye ni muuguzi, Mabior, anayeuza na kufunga sola, na mimi Aleer, mwalimu wa hesabu. Kila Jumapili tulikuwa tukitembea pamoja hadi Jebel Kujur, kilima cha pembeni mwa mji, na kurudi. Adit ndiye aliyetutia wazo la kwenda Imatong, ile milima ya kusini karibu na mpaka wa Uganda, tubebe mizigo yetu wenyewe mgongoni na tupande kilele kirefu kuliko vyote nchini. Siku ya pili msituni soli za viatu vyake zikabanduka, moja asubuhi, nyingine mchana. Akajaribu kuendelea na malapa. Tukarudi.

Wiki iliyofuata alivikusanya viatu vyetu, akavitia kwenye gunia, tukapanda boda boda mbili hadi soko la Konyo Konyo. Huko ndiko nilikomwona Mama Owen kwa mara ya kwanza.

Jina lake ni Daphine, lakini sokoni wote humwita kwa jina la mwanawe, anayesoma Kabale kwa bibi yake. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa mnene, mwenye mikono mifupi iliyojaa nguvu, na alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kati ya muuza samaki wakavu na muuza nyanya kwa miaka kumi na mmoja. Alipotoka Uganda hakuja kushona viatu. Alianzia Nesitu, kwenye barabara ya kuingia Juba, akiwapikia madereva wa malori posho, ule ugali wa kwao, na maharage. Siku moja dereva mmoja akaja kiatu kimeachama mbele, naye akakishona kwa sindano ya magunia huku maharage yakichemka, kwa sababu baba yake alikuwa fundi viatu na yeye alikua akimtazama. Kabla ya mwezi kwisha, viatu vilivyoletwa kwake vilikuwa vingi kuliko sahani zilizoagizwa. Akahamia mjini.

Alikitoa kiatu cha Adit kwenye gunia, akakigeuza.

"Hii ulinunua wapi?"

"Mitumba," Adit akasema.

"Gundi yake imekufa. Kiatu ikikaa miaka mingi, gundi inakuwa unga. Angalia." Alibonyeza kwa kidole gumba, na kipande cha soli kilichobaki kikamwagika mapajani mwake kama makombo ya mkate.

"Unaweza kubandika tena?"

"Kubandika hapana. Hii ya kushona tu, kuzunguka yote. Lakini kwanza mniambie hiyo njia iko namna gani. Mawe iko? Maji iko? Kuteremka ni kwingi?"

Adit akachuchumaa mbele yake akamweleza: mito ya kuvuka juu ya mawe, matope ya msituni, mianzi, kisha majani marefu na miamba. Mama Owen akaweka chini msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi.

"Hiyo ni kwetu," akasema. "Hiyo unayosema ni kwetu kabisa."

Akatusimulia jinsi huko Kabale mashamba yalivyoning'inia ubavuni mwa vilima, na jinsi alivyopanda akiwa msichana na kikapu cha viazi kichwani, pekupeku, mvua ikinyesha. Tangu aje Juba hakuwa amepanda kitu kirefu kuliko ngazi.

"Basi twende wote," Adit akasema.

Mimi nilicheka, nikidhani ni utani. Mama Owen hakucheka. Aliuliza, "Lini?"

Tulikuwa na miezi mitano. Jumapili ya kwanza alikuja Jebel Kujur moja kwa moja kutoka misa ya asubuhi ya Kator, mtaa anakoishi, kitenge amekifunga juu ya suruali. Alisimama mara kumi na moja kabla ya kufika juu. Najua idadi kwa sababu Mabior alikuwa akihesabu kwa sauti.

"Mama," alimwambia, "kule si kama huku. Labda utusaidie kwa viatu tu, sisi tutakuletea picha."

Mama Owen alikuwa ameinama, anahema. Sidhani alikuwa na pumzi ya kujibu. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja, na nyingine pia. Akaacha kupanda boda. Kila asubuhi alitembea kutoka Kator hadi sokoni na gunia la viatu vya wateja mgongoni, akilifunga kwa kamba mbili alizojishonea. Wanawake wenzake walimwuliza kama ameanza ukichaa. Kufikia Desemba sisi ndio tuliokuwa tukimkuta juu ya Jebel amekaa, anakula njugu.

Siku moja tukiteremka nilimwuliza kwa nini anajitesa.

"Mwalimu," akasema, "kazi yangu ni ya chini. Mtu akija, mimi naona miguu yake, yeye anaona kitambaa cha kichwa changu. Miaka kumi na moja watu wananiangalia kutoka juu. Sio vibaya, ndio kazi. Lakini na mimi nataka siku moja niangalie kutoka juu."

Tuliondoka Januari, wakati wa kiangazi. Mabior alikuwa amenunua viatu vipya Nairobi. Mama Owen aliviona siku ya kufunga mizigo, akavipapasa pembeni.

"Lete nishone."

"Hivi ni vipya, mama. Vina dhamana ya miaka miwili."

"Dhamana iko Nairobi. Sisi tunaenda Imatong."

Mabior akakataa katakata. Kisha alipoona Mama Owen anatia kwenye mkoba wake kipande cha tairi kikubwa kama sinia, akaanza yeye kushauri. Kila kilo ni adui, alimwambia, hata yeye mswaki wake ameukata mpini. Mama Owen aliusukuma mpira ule chini kabisa ya mkoba, akafunga.

Tulipata vibali Torit, gari likatufikisha Katire, barabara ilipokuwa mbaya kiasi kwamba dereva hakutaka kusikia habari zaidi. Pale tulimpata Ohide, mwenyeji aliyewahi kukimbilia Uganda wakati wa vita na kurudi na Kiswahili cha kambini. Alimtazama Mama Owen, akatutazama sisi, akamwambia Adit kwa sauti ya chini, ila sote tulisikia, "Huyu mama atafika Gilo. Baada ya Gilo mimi sijui."

Alifika Gilo, kijiji cha mlimani, mbele yangu. Baada ya Gilo msitu ulifunga. Miti ilikuwa mikubwa hata watu wanne wasingeweza kuizungushia mikono, na mbega walitukoromea kutoka juu. Baridi ilianza kutuuma, sisi watu wa Juba tunaolala na milango wazi. Mama Owen alikuwa akivuta hewa ile puani na kutabasamu peke yake. Alitembea polepole, ila hakusimama, na mwendo wake haukubadilika iwe kupanda au kushuka. Mimi nilikuwa nikikimbia na kupumzika, nikikimbia na kupumzika, na kila nilipopumzika alinipita.

Siku ya tatu mvua ilitunyeshea, ingawa Ohide alikuwa ametuapia kwamba mwezi huo hainyeshi. Tulivuka kijito, tukaanza kupanda kwenye mianzi, nikamsikia Mabior nyuma yangu akitoa sauti kama mtu aliyepigwa. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imebaki kwenye matope. Akaivuta, akaitazama. Kisha akainua mguu wa kushoto, na soli ile nayo ilikuwa inaning'inia kwa kisigino.

Alikaa juu ya gogo. Hakuna aliyemcheka.

"Mbele ni mawe, na majani yanakata," Ohide akasema. "Na malapa hawezi. Malesh, poleni."

Adit alivua kofia, maji yakamtiririka usoni. Miaka miwili alikuwa akiipanga safari hii. Alimtazama Mabior, akatazama juu, ambako hapakuonekana kitu ila ukungu. "Hatuwezi kumwacha mtu hapa," akasema. "Tunarudi."

"Nani amesema?" Mama Owen alikuwa ameshautua mkoba wake. "Ohide, funga turubai hapa. Mwalimu, njoo ushike kiatu. Mabior, vua."

Aliutoa mpira wa tairi akaulaza juu ya jiwe, akachora nyayo za Mabior kwa ncha ya kisu, akakata. Kukata tu kulichukua nusu saa, kwa sababu mpira ule una nyuzi za chuma ndani. Uzi wa nailoni aliupaka nta ya mshumaa ili usinywe maji. Kisha akaanza kushona. Alitoboa kwa msharasi, akapitisha uzi, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akatoboa tena. Mvua ilipiga turubai juu yetu. Nilikishika kiatu kati ya magoti yangu kama alivyoniagiza, na kila alipovuta, nami nilivutwa.

Kwenye kiatu cha pili msharasi uliteleza ukaingia kwenye kiganja chake. Damu ikachirizika hadi kiwiko. Adit alimsafisha, akamfunga bendeji, akamwambia imetosha.

"Bado tundu tisa," Mama Owen akasema, akauchukua msharasi kwa mkono ule ule.

Alipomaliza, saa mbili na zaidi zilikuwa zimepita. Mabior alivaa. Alisimama, akakanyaga jiwe lenye utelezi, na soli ya tairi ikalishika. Akamgeukia Mama Owen.

"Mama, nisamehe kwa..."

"Funga kamba vizuri," Mama Owen akamwambia. "Twende, tunapoa."

Kesho yake kulipambazuka kweupe. Tulitoka kwenye miti ya mwisho, tukaanza kupanda majani, na mwinuko ukawa mkali hivi kwamba magoti yalikaribia kidevu. Hewa ilipungua. Adit alishikwa na maumivu ya kichwa. Mimi nilikuwa nikiomba kwa siri mtu mwingine aseme turudi.

"Mnapanda kama watu wa tambarare," Mama Owen akasema. "Mnaenda kwa mlima moja kwa moja, mnagombana nayo. Nifuateni."

Akapita mbele ya Ohide. Alikwenda kwa kukatiza, kushoto hatua thelathini, kulia hatua thelathini, akiuzunguka mlima kama anavyozunguka kiatu kwa uzi. Tukamfuata tukikanyaga alipokanyaga. Mara mbili aliegemea jiwe akafumba macho, na mara mbili alifumbua akaendelea bila kutazama nyuma. Majani yakaisha, miamba ikaanza. Karibu na juu Ohide alinyoosha mkono kutuzuia sisi wengine.

"Wacheni mama afike kwanza," akasema.

Tulimwona akipanda ule mwamba wa mwisho kwa mikono na miguu, bendeji yake imekuwa nyeusi kwa uchafu. Akafika. Akainuka taratibu, upepo ukampeperusha kitenge, akabaki wima huku ametandaza mikono kama mtu anayeogopa kuanguka. Kisha akapiga vigelegele, na vilima vikamrudishia.

Tulipomfikia alikuwa analia na kucheka. Mawingu yalikuwa chini yetu. Yalipofunguka tuliona milima mingine, mgongo baada ya mgongo, ikienda kusini mpaka ikawa rangi ya moshi.

"Uganda ni kule?" akauliza.

"Kule kote," Ohide akasema.

Simu yake ikalia mfukoni. Mtandao wa Uganda ulikuwa umetufikia huko juu, na ujumbe wa siku nne ukawa unaingia mfululizo. Akampigia mwanawe, ambaye alikuwa kwa bibi yake, shule zikiwa zimefungwa. Waliongea Kikiga, lugha ya kwao, naye alitutafsiria baadaye.

"Mama, uko wapi? Mbona upepo?"

"Niko juu ya mlima. Ule mkubwa wa nchi hii."

"Unafanya nini huko?"

"Nimesimama tu."

Adit alimkumbatia, Mabior akamkumbatia, na mimi pia. Mabior ndiye aliyelia kwa sauti, na hakujificha.

Habari zilifika Konyo Konyo kabla ya Mama Owen kurudi kwenye kigoda. Mabior mwenyewe alikwenda pale akasimama katikati ya njia, akainua mguu, akawaonyesha watu soli ya tairi na kuwasimulia mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule ujinga wake wa dhamana. Muuza nyanya, Mganda aitwaye Babirye, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamgeukia Mama Owen.

"Wewe jirani yangu umeenda kule bila mimi?"

Kiangazi cha mwaka huu walikwenda wanawake tisa wa soko. Walijiandaa kwa Jumapili nyingi kuliko tulizojiandaa sisi. Adit alikwenda kama mwenye dawa, mimi nikapewa kubeba sufuria. Kule Torit karani wa vibali alitazama kundi letu akauliza kiongozi wa msafara ni nani, na Adit, ambaye wakati wote ndiye aliyekuwa akijibu swali hilo, alirudi nyuma hatua moja. Mama Owen alichukua kalamu, akaandika jina lake lote.

Babirye alilalamika kutoka Katire hadi kileleni. Aliutukana mlima kwa Kiganda na kwa Kiarabu cha Juba, akaapa mara nne kwamba atakaa hapo hapo afie hapo. Mama Owen hakumbembeleza. Alimwekea mwendo tu, kushoto hatua thelathini, kulia hatua thelathini, na wote tisa walifika juu kabla ya adhuhuri. Babirye alitazama huku na huku, akafunga kitenge chake upya, akadai apigwe picha kutoka kila upande.