Hisa za Mama Katika Kiwanda cha Saruji

Katika ukumbi wa soko la hisa walimwita Koti Jekundu, kwa kuwa madalali wa kampuni yake walivaa rangi hiyo. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Watoto wake walipomuuliza ni soko gani hilo lisilo na nyanya wala samaki, aliwajibu: "Pale kampuni inauza vipande vyake yenyewe. Ukinunua kimoja, una fungu lako katika faida, na katika hasara pia. Bei inaandikwa ubaoni, tajiri na maskini waione pamoja."

Mama yake alikuwa na vipande vya namna hiyo katika kiwanda cha saruji, vilivyonunuliwa kwa kiinua mgongo cha marehemu baba. Alhamisi moja alimwambia, "Niuzie, mwanangu. Daktari wa macho kasema nisichelewe kupasuliwa." Koti Jekundu akaitikia, kisha akafanya kosa la madalali: bei ilikuwa ikipanda, akaona asubiri ipande tena kidogo, mama apate zaidi.

Jumapili walikula kwa mama. Mdogo wake, mhasibu wa kiwanda kile kile, akamvuta barazani.

"Kaka, za mama umeshauza?"

"Bado."

"Basi uza kesho asubuhi. Wiki hii tunatangaza hasara."

"We bwana! Si ungeyameza maneno hayo pamoja na chakula?"

"Nakusaidia, unanifokea?"

"Umenifunga mikono."

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya soko ilikataza kuuza kwa siri ya ndani, na nani angeamini kwamba agizo la mama lilitangulia siri? Tena yule ambaye angenunua, asiyejua lolote, pengine naye alikuwa na mama.

Jumatatu alisimama chini ya ubao, bei ingali juu, kinywa amekifumba. "Leo Koti Jekundu kameza kufuli?" wenzake wakamtania. Alitabasamu tu. Siku chache baadaye hasara ikatangazwa, bei ikaporomoka.

Jioni alimkuta mama akipapasa meza, akitafuta kikombe.

"Mama, sijauza."

"Nimesikia redioni. Ulisahau?"

Angeweza kusema alisahau. "Hapana. Kwanza niliingiwa na tamaa ya bei. Kisha nikapata habari mapema, nikashindwa kuuza."

"Nani alikupa?"

Akamsogezea kikombe mkononi. Mama akaguna. "Mlinong'ona barazani kama panya stoo. Mtu akiwa haoni, mnadhani na masikio kayaweka rehani?"

"Nisamehe, mama."

"Kukawia kwako nitakusamehe polepole. Kutouza, sina la kusamehe. Baba yenu hakupata kumuuzia mtu kitu kibovu huku akijua. Mdogo wako mwambie habari za kazini azivue mlangoni pamoja na viatu. Na kesho niuzie, kwa bei yoyote. Macho hayasubiri."

Asubuhi Koti Jekundu akapaza sauti mbele ya wote, akauza hisa za mama yake kwa bei ya chini ya siku ile. Kilichopungua hospitalini, aliuza gari lake akakijazia, akawa anakwenda sokoni kwa miguu.